Faini ya Sajini Shimba

Siku Sajini Shimba Ndalahwa aliporudi Nyamatembe baada ya kustaafu, kijiji kilimchinjia majogoo matatu, na matatizo yake yakaanzia hapo.

Alikuwa ametoka mbali. Siku tatu kasoro za treni kutoka Dar mpaka Mwanza, halafu basi mpaka Kigongo, halafu kivuko mpaka Busisi, halafu pikapu ya wanunuzi wa sangara, amekaa nyuma juu ya barafu iliyofunikwa turubai. Kufika njia panda ya kijiji, makalio yake nayo yalikuwa yameshastaafu. Lakini vile vigelegele alivyovikuta pale vilimpasha moto mwili mzima. Miaka ishirini na minne ya jeshi la majini imekwisha, na leo yuko kwao, ng'ambo ya pili ya ghuba, sanduku la chuma mkono huu, kofia mkono huu.

Wiki ya kwanza alikula. Nani anakataa kuku?

Wiki ya pili akaanza kuona mambo. Akifika mahali, watu wanasimama na kumpa kiti. Akishika jembe, linanyang'anywa: "Acha, Afande, utachafuka." Akikuta wanaume wamekaa wanacheka kwa Kisukuma mpaka machozi yanawatoka, wanakohoa, wanakaa sawa, na mmoja anamuuliza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Je, Afande, hali ya hewa ya Dar es Salaam ikoje kwa sasa?"

Siku moja Chenge alimwamkia shikamoo. Chenge! Mtu waliyechapwa naye fimbo moja na mwalimu mmoja kwa kosa moja, la kula mbegu za karanga za shamba la shule.

"Chenge, wewe si umenizidi miezi minne?"

"Ndiyo, Afande."

"Sasa shikamoo ya nini?"

"Heshima tu, Afande. Karibu sana. Jisikie upo nyumbani."

Shimba alirudi kwa mkewe amenywea. Mtu anayeambiwa ajisikie yuko nyumbani, huyo ana uhakika hayuko nyumbani. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemtania. Wiki mbili nzima hakuna aliyemwambia kwamba ana kitambi, na kitambi anacho. Msukuma asiyetaniwa kwao ni kama ng'ombe asiye na alama, anaweza kuwa wa mtu yeyote.

"Mama Bernadeta," alimwambia mkewe, Evelina, "hawa watu wananiona mgeni."

Evelina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Umekanyaga mchicha wangu asubuhi," alisema.

Shimba akafarijika kidogo. Yupo angalau mtu mmoja wa kumgombeza.

Sasa, Nyamatembe mtu hawi mwenyeji kwa kuzaliwa. Ng'ombe pia anazaliwa hapo na kesho anauzwa mnadani. Mwenyeji ni mtu wa sungusungu, lile jeshi la jadi ambalo vijiji vya Usukuma vilijiundia wizi wa ng'ombe ulipozidi. Kila kaya imeandikwa kwenye daftari. Filimbi za hatari zikilia, kila kaya inatoa mtu, na mtu huyo anakuja mbio, awe anakula au anaoga. Usipotokea unatozwa faini ya mbuzi, na mbuzi huyo kijiji kizima kinamla pamoja nawe. Mgeni ndiye haitwi, hatozwi, wala haambiwi filimbi ipi ina maana gani, maana hizo ni siri za ulinzi. Yeye anapewa kuku.

Chenge ndiye alikuwa mtemi wa sungusungu. Shimba alimwomba aandikwe.

"Tutaona, Afande," Chenge alisema.

"Lini?"

"Tutaona."

Na "tutaona" ya Nyamatembe inaweza kumchukua mtu mpaka parapanda ya mwisho.

*

Kusema kweli, Shimba hakuondoka kwao kwa kupenda ukubwa. Aliingia jeshini mwaka sabini na mbili, kijana aliyejua kuogelea, kuvuta wavu wa kokoro na kukwepa shule. Aliwaambia waandikishaji kwamba anatoka ziwani, wao wakaona huyu maji anayajua, wakamwandika mwanamaji. Kumbe ziwa na bahari ni ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Ziwa unakunywa. Siku ya kwanza baharini, Shimba aliona joto, akainama ubavuni mwa boti, akapiga funda moja zito. Wenzake wa Tanga walicheka mpaka mkufunzi akaahirisha somo.

Wakufunzi walikuwa Wachina, na mkalimani alikuwa mmoja kwa vijana themanini, kwa hiyo mtu alishika alichoweza. Shimba alishika kuhesabu. Mpaka leo akinyanyua kitu kizito hasemi moja, mbili, tatu, anasema "yi, er, san," na kitu kinanyanyuka.

Baada ya mafunzo alipewa brashi. Watu wa bara wanadhani mwanamaji kazi yake ni mizinga. Chombo cha chuma kikikaa baharini kinaota kutu kama mtoto anavyoota meno, leo hapa, kesho pale, na lazima awepo mtu wa kukwangua na kupaka, akifika nyuma aanze tena mbele. Wenzake walipiga picha wameegemea mizinga, wakatuma makwao. Shimba kwenye kila picha ana kopo la rangi. Evelina alizipanga ukutani zote. Ukizitazama kwa haraka unaweza kudhani mumewe alikwenda kujenga nyumba za serikali.

Vita vya Kagera vilipokuja alirudishwa ziwani, akawa anapakia na kupakua magunia ya unga na masanduku ya risasi. Katika vita vizima alifyatua risasi moja, tena kwa bahati mbaya, ikamwamsha kiboko. Kiboko yule aliwafukuza karibu saa nzima, na Shimba anasema kwamba kama adui angekuwa na viboko wanne wa namna ile, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Ukoplo ulimchukua miaka tisa. Usajini ulikuja kwa sababu ya mapafu. Afisa mmoja aligundua kwamba huyu kijana wa Usukuma, aliyekulia kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, ana pumzi ambayo haiishi. Akampa filimbi ya chombo, ile ya shaba, nyembamba, yenye kitumbo chini kama kiko. Majini amri hazipigiwi kelele, upepo utazila. Zinapigiwa filimbi. Kuna ya kuamka, kuna ya chakula, kuna ya mkubwa anapanda. Na kuna tatu ndefu, za kushusha boti majini. Hakuna boti inayogusa maji kimyakimya; ni mwiko, ni kama kuzaa mtoto halafu asipigiwe kigelegele. Shimba alipiga hizo tatu ndefu miaka kumi na mitatu, na siku ya kustaafu mkuu wake alimwambia, "Filimbi hii haitamtii mtu mwingine. Nenda nayo."

Likizo ilikuwa siku ishirini na nane kwa mwaka, na treni nayo ilikuwa inachukua fungu lake, kwenda na kurudi. Miaka mingine hakuja kabisa. Evelina alilima pamba, pamba ilipolegea akanunua mtumbwi mkubwa wa mbao, akaupa jina *Subira*, akapangisha wavuvi. Hiyo ni baada ya viwanda vya samaki kuanza kutuma magari mpaka kwenye mialo ya huku, yaani fukwe wanakotia wavuvi, biashara ikawa ruksa, na sangara ambaye zamani tulikuwa tunamtazama tu kwa mashaka akawa mheshimiwa mwenye barafu yake. Binti yao Bernadeta alikua, akaolewa Nansio. Shimba harusi aliikuta kwenye picha.

*

Siku ya kumi na saba tangu arudi, Evelina alimwonea huruma.

"*Subira* inavuja," alisema. "Umesema unajua vyombo."

Shimba alikaribia kumpigia saluti. Siku nne alikuwa mwaloni, ameupindua mtumbwi juu ya magogo, anaukalafati kwa nyuzi za pamba na lami, anasugua, anapaka. Aliupaka rangi ya kijivu, makoti mawili, na mstari mweupe ulionyooka kama sheria. Hakuna aliyemnyang'anya brashi, kwa sababu Evelina alikuwa amesema atakayemnyang'anya atamalizia mwenyewe.

Asubuhi ya tano, jua limetoka sasa hivi, ziwa limetulia, magugumaji yamesogea pembeni kwa adabu. Wavuvi wanne walikuja kusaidia kusukuma. Shimba alisimama kwenye omo, mbele kabisa, kifua nje. Moyo ulimjaa. Mkono wenyewe ukaenda kwenye kamba shingoni, filimbi yenyewe ikapanda mdomoni.

Akapiga tatu ndefu. Zilivuka maji, zikagonga mawe ya upande wa pili, zikarudi. Kazi nzuri. Miaka ilikuwa haijamnyang'anya hata pumzi moja.

Wale wavuvi wanne waliachia mtumbwi, wakakimbia.

"Jamani, *yi, er*... mnakwenda wapi?"

Kutoka kilimani filimbi nyingine ilijibu tatu ndefu. Kisha nyingine, kijiji cha jirani. Kisha nyingine, mbali zaidi, inakwenda kama moto wa nyasi. Halafu likaja yowe la wanawake, halafu mbwa, halafu kishindo.

Walitoka pande zote. Wanaume na pinde, wanaume na mapanga, mmoja na mti wa mwavuli. Mzee Mhoja, mwenye miaka sabini na kitu, alikuja na kiatu kimoja na mshale mkononi bila upinde. Evelina alikuwa wa sita au wa saba, khanga imefungwa kiunoni, panga juu, anapita vijana kama wamesimama. Pikapu ya samaki iliyokuwa inateremka mwaloni ilizingirwa, na mnunuzi wake, kijana wa mjini mwenye tai, aliingia mwenyewe kwenye kasha la barafu akavuta kifuniko.

Shimba naye hakuzubaa. Aliona watu wanakimbia vita, akaokota kasia, akajiunga nao. Alikimbia nao mpaka kwenye minazi michache ya misheni na kurudi, anauliza kila aliye karibu, "Wako wapi? Wamepita wapi?"

"Nani kapiga filimbi?" Chenge alikuwa anapiga kelele, jasho linamtiririka. "Nani kaona wezi? Tatu ndefu, ng'ombe wameibwa, wanatorokea ziwani! Nani kapiga?"

Shimba akasimama. Kasia likashuka taratibu.

"Chenge," alisema, "tatu ndefu maana yake ndiyo hiyo?"

Watu mia mbili na zaidi, wa vijiji vinne, walimgeukia. Shingoni filimbi ya shaba ilikuwa inang'aa kwenye jua kama ushahidi.

*

Baraza lilikaa saa tisa alasiri, kwenye ghala la ushirika. Ghala hilo zamani lilijaa pamba mpaka mlangoni; tangu wanunuzi binafsi waanze kuja lilikuwa na popo na meza moja. Mezani alikaa Mtemi Chenge, na pembeni yake katibu, Mwalimu Osward wa shule ya msingi, mtu aliyependa utaratibu kuliko ugali. Mbele yake daftari la kaya.

Shimba alikuwa amepewa kiti. Alikitazama kile kiti kwa chuki.

"Katibu," alisema Chenge, "faini ya yowe la uongo?"

"Mbuzi mmoja mwenye meno manne. Kuni na maji ya kumpikia anabeba mkosaji mwenyewe."

Moyo wa Shimba uliruka. Si kwa hofu. Ndiyo kwanza aliona mlango. Mbuzi! Mbuzi wa faini, anayeliwa na kijiji kizima, mkosaji katikati! Alikohoa, akajiandaa kukiri kwa sauti ya kutosha hata walioko nje wasikie.

"Lakini," Chenge akaendelea, "wazee tumekaa. Tumeona Afande ni mgeni wetu. Mgeni hajui filimbi zetu, na mgeni hatozwi. Kwa hiyo amesamehewa. Na kwa mshituko alioupata, wazee wanapendekeza apewe jogoo."

Watu wakapiga makofi ya heshima.

"Nakataa!" Shimba alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Unakataa jogoo?"

"Nakataa msamaha! Nimekosa. Mmekimbia kwa ajili yangu. Mzee Mhoja amepoteza kiatu. Nitozeni!"

Minong'ono ilizunguka ghala. Popo wawili walihama. Tangu sungusungu ianze watu walikuwa wamelia humo, wameapa kwa makaburi ya mababu, mmoja alizimia, ili wasitozwe. Aliyeomba kutozwa hajawahi kuonekana.

"Afande, tulia," Chenge alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulikuwa mbaya. "Hatuwezi kumtoza mgeni. Watatucheka mpaka Sengerema."

"Mimi nimezaliwa hapa! Kitovu changu kimezikwa hapo nyuma ya zahanati!"

"Wakati huo hapakuwa na zahanati," alisema Mzee Mhoja.

"Naomba kusema," ilisikika sauti kutoka mlangoni. Ilikuwa ya Bagenda, Mhaya wa Muleba aliyehamia mwaloni miaka sita iliyopita kununua dagaa. Alivaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kuapishwa. "Mimi si wa hapa, na mnajua, maana nimesoma."

"Kaa chini!" watu wakamzomea kwa furaha.

"Mwaka wa kwanza mlinipa viti. Mwaka wa pili mlinipa kuku. Mke wangu Specioza akasema, Bagenda, turudi kwetu, hawa watu wanatuheshimu mno, hawatupendi. Mwaka wa tatu filimbi ikalia nikiwa naoga. Nikasema, mimi mgeni, ngoja nijisuuze. Mkanitoza mbuzi! Nililia, msiseme sikulia. Lakini kesho yake sokoni mama mmoja akaniita, 'We Mhaya, njoo ubebe gunia hili.' Specioza akasema, sasa tumehamia. Mara ya pili mlinitoza kwa kujibu swali la baraza kwa Kiingereza. Sasa mimi, mtu wa Muleba, nina mbuzi wawili kwenye daftari hilo. Na huyu, Shimba mwana wa Ndalahwa, hana hata kwato! Haki iko wapi?"

Kicheko kilitikisa bati. Chenge mwenyewe aliuma midomo.

"Daftari ndilo linasema nani mwenyeji," alisema. "Katibu, soma kaya ya Ndalahwa."

Mwalimu Osward alifunua kurasa. "Kaya namba thelathini na saba. Mkuu wa kaya, Evelina Lushinge. Mahudhurio ya mayowe tangu kuanza: yote. Hajakosa hata moja." Alipekua tena, mbele na nyuma. "Shimba Ndalahwa hayumo."

"Afande," Chenge aliuliza, safari hii pole pole, "katika miaka hiyo ishirini na minne, umelala Nyamatembe siku ngapi?"

Shimba alianza kuhesabu vidole, akaacha. Hakujua.

"Mia tatu tisini na sita," alisema Evelina.

Alikuwa amekaa upande wa wanawake, mikono mapajani. Shimba alimtazama mkewe. Siku zote zile za likizo, yeye akifungasha sanduku huku akisema mwaka haukawii kwisha, kumbe kuna mtu alikuwa anaziweka moja moja, kama mbegu ya msimu ujao.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza, sauti imeshuka. "Mwalimu, nifanyeje ili niandikwe?"

"Njia ni mbili," alisema Osward, amechangamka, kwa maana hapo ni utaratibu. "Ya kwanza, kufungua kaya mpya. Uwe na nyumba yako, halafu utazamwe misimu miwili."

"Nyumba ninayo!"

"Ipi?" aliuliza Evelina.

Wanawake walishikana mabega kwa kicheko.

"Ile ya bati..."

"Ile ya bati niliijenga mwaka themanini na tisa kwa pamba ya mikono hii. Wewe ulipaka rangi."

"Makoti mawili," Shimba alisema kwa unyonge.

"Njia ya pili," Osward akaendelea, "ni kuandikwa chini ya kaya iliyopo. Leo hii hii. Na akiandikwa leo, kosa la asubuhi linaingia kwenye hesabu ya leo. Tatizo ni safu." Aliinua daftari watu waone. "Chini ya mkuu wa kaya kuna safu ya mke, safu ya watoto, na safu ya wategemezi. Safu ya mume haipo."

"Haijawahi kutokea!" Mzee Mhoja alisimama kwa kiatu kimoja. "Mwanamume chini ya kaya ya mke wake? Sajini mzima? Watu watasema nini?"

Shimba alifikiria. Ni kweli, alikuwa sajini. Lakini miaka yote hiyo alikuwa chini ya mtu: chini ya Wachina, chini ya koplo, chini ya luteni aliyekuwa mdogo kuliko binti yake, chini ya afisa mmoja aliyeogopa panya. Wengine hawakustahili hata kuongoza foleni ya chai. Na huyu hapa amejenga nyumba, amenunua chombo, amelea mtoto, amekimbia kila yowe bila kukosa. Kama ni mkuu, Shimba alikuwa hajawahi kumpata wa namna hiyo.

"Niandike," alisema. "Kwa Evelina."

"Safu gani?"

"Yoyote yenye nafasi."

"Ngoja!" Evelina alisimama. "Mwalimu, weka kalamu chini. Nani amesema nampokea?"

Hata kicheko kilikatika. Evelina alikuja mpaka mbele ya meza, akamgeukia mumewe, si mezani.

"Miaka kumi na tatu filimbi ikilia mimi ndiye natoka. Mvua, mimi. Nina homa, mimi. Mtoto mgonjwa, mimi. Ukiingia kaya yangu, filimbi ikilia unatoka wewe, mimi nageukia ukutani naendelea kulala. Unakubali?"

"Nakubali."

"Na kesho asije mtu akakuita Mwanza kwenye meli za watu binafsi, ukaniambia mwaka haukawii kwisha."

"Aje akuombe wewe."

"Na sufuria zangu usizipange kwa ukubwa. Nazitafuta siku tatu sasa."

"Ndiyo, afande," alisema Shimba.

Hakuwa amepanga kulisema hilo, lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka. Ghala lililipuka. Bagenda alijilaza sakafuni. Chenge aliinamisha kichwa mezani, mabega yanacheza. Evelina alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akajifunika khanga.

"Mwandike," alisema kutoka ndani ya khanga. "Mbuzi nitamtoa mimi. Kuni apasue yeye."

Mwalimu Osward alifikiri kidogo, akachukua rula, akachora safu mpya pembeni mwa ukurasa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MUME. Kisha akaandika jina. Kisha, mstari huo huo, akaandika kosa. Chenge aligonga meza.

"Shimba Ndalahwa wa kaya ya Evelina! Umepatikana na hatia ya kukimbiza vijiji vinne bila mwizi. Mbuzi! Maji! Kuni! Na kiatu cha Mzee Mhoja ukitafute!"

"Nashukuru!" alipaza sauti Shimba. "Wabeja sana!"

*

Mbuzi alichinjwa kabla jua halijateremka. Shimba alipasua kuni, na umati ulikaa kumtazama kama mchezo wa mpira.

"Tazama anavyoshika shoka! Kama anampa mkono balozi!"

"Hilo tumbo ndilo linamvuta mbele. Jamani, huko majini walikuwa wanawalisha nini?"

"Si tumbo hilo, ni boya. Wakizama wanamshika yeye."

Kila neno lilimwingia Shimba kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Alibeba maji ndoo kumi na moja. Mama mmoja, ambaye hata jina lake halikumbuki, alimwambia amemwaga nusu njiani na arudie, akarudia anacheka. Mnunuzi wa samaki, aliyekuwa ametolewa kwenye barafu asubuhi ile ile na bado anatetemeka, akapewa supu, akaanza kupata rangi.

Nyama ilipoiva, mkosaji kwa desturi alipewa shingo, akae chini katikati ya watu. Likabaki jambo moja: kumpangia kikundi cha zamu. Nyamatembe ilikuwa na vikundi vinne vya kuzungukia mazizi.

"Kikundi cha kwanza, mchukueni," alisema Chenge.

"Sisi hatumtaki," alijibu kiongozi wao, mtu mwembamba aitwaye Ngosha, mdomo umejaa. "Amenenepa. Tukifukuza mwizi tutamsubiri yeye."

"Cha pili?"

"Anakoroma huyo! Jirani yake analala kwangu, anasema nyumba inatetemeka. Mwizi atatusikia akiwa Geita."

"Cha tatu?"

"Mtemi, sisi tulishamchukua Bagenda. Kila kikundi na mzigo wake."

"Nimesikia!" alisema Bagenda. "Nimesikia, na mimi pia simtaki. Atanihesabia Kichina."

Walibishana juu ya kichwa chake, wanarushiana kama wanavyorushiana mtoto wa shangazi aliyekuja likizo na hamu kubwa ya kula. Wote kwa Kisukuma, hata Bagenda, ambaye Kisukuma chake kilikuwa kinavunjika kila baada ya maneno matatu na kuungwa na Kihaya. Hakuna aliyemwita Afande. Chenge alimwita jina la utoto, lile ambalo hata mama yake hakulipenda, na watu walioanza kulisahau wakalikumbuka na kulirudia.

Kikundi cha nne kilimkubali hatimaye, kwa masharti kwamba atatembea mbele ili wote wamwone na kama atapotea wajue ni yeye.

"Umesikia?" Chenge alimuuliza. "Zamu yako Alhamisi. Usipotokea, mbuzi."

Shimba aliitazama shingo mikononi mwake, akawatazama watu, akatabasamu kama mjinga.

Evelina alimsogezea chumvi kwa kidole kimoja.

"Kula, mume wa kaya yangu," alisema. "Mfupa unapoa."